Marisawa Yaliyokosa Ndege

Mwindaji wa ndege hapigi risasi moja. Ganda la kawaida la bunduki ya marisawa, likijazwa gramu 28 za marisawa ya namba sita kwa kipimo cha Marekani, hubeba gololi zipatazo 225, kila moja ikiwa na kipenyo kisichofika milimita 3. Bata akipigwa barabara, akaanguka, akanyonyolewa na kupasuliwa, mpishi huokota ndani ya nyama gololi nne, tano, pengine saba. Nyingine zote, mia mbili na ushee, hazikumgusa. Zilimpita juu na chini, mbele na nyuma, zikaenda kutua kwenye tope la kinamasi.

Kwa zaidi ya karne mbili mafundi, wanasayansi na wawindaji walizishughulikia zile chache zilizompata: zifinyangwe vipi ziwe mviringo kamili, zirushwe vipi zisitawanyike mno, zipenye vipi manyoya na kufika moyoni. Zile nyingi zilizokosa hazikuulizwa na mtu. Zilipokuja kuulizwa ilionekana kwamba nazo zilikuwa zikiua, polepole, mbali na macho ya aliyezifyatua.

Mnara wa fundi bomba

Zamani marisawa yalitengenezwa kwa kukata bamba la madini ya risasi vipande vidogo vya mraba, kisha vipande hivyo vikazungushwa ndani ya pipa mpaka pembe zao zikasagika. Mwaka 1665 Robert Hooke, katika kitabu chake Micrographia, alieleza njia bora zaidi iliyohusishwa na Prince Rupert, mpwa wa Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza. Risasi iliyoyeyushwa ilitiwa aseniki kidogo, ikamiminwa kwenye chombo chenye matundu, ikadondoka umbali mfupi tu hadi ndani ya maji. Kasoro yake ilikuwa hapo kwenye ufupi wa safari. Tone liligusa maji likiwa bado laini, likaganda na mkia au na kishimo upande mmoja.

Aliyelitatua tatizo hilo alikuwa William Watts, fundi bomba wa Bristol. Siku hizo mabomba na mapaa ya makanisa yalikuwa ya risasi, kwa hiyo fundi bomba aliyajua madini hayo kuliko mtu yeyote. Masimulizi ya mji yanadai kwamba Watts aliota risasi iliyoyeyuka ikimwagika kutoka juu ya kanisa la St Mary Redcliffe, lililokuwa karibu na nyumba yake, na ilipofika chini ikawa marisawa. Wengine husema ndoto ilikuwa ya mkewe. Iwe ndoto au hesabu, Watts aliinua nyumba yake juu ikawa mnara, akatoboa sakafu zote, akachimba chini hadi kwenye mapango ya mawe mekundu yaliyo chini ya mtaa ule. Mwaka 1782 akapewa hataza ya uvumbuzi wake.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Tone lake likiachwa lianguke hewani bila kuguswa na chochote, mvutano wa uso wake hulikusanya kutoka pande zote kwa nguvu sawa, nalo huwa mviringo. Kimo cha mnara hulipa tone muda wa kuanza kuganda kabla halijafika chini, na pipa la maji hulipokea lisipondeke. Aseniki iliendelea kutiwa kwa sababu bila hiyo tone hujivuta mkia. Baadaye antimoni ikaongezwa ili gololi iwe ngumu. Zikishakauka, gololi zilimwagwa juu ya vioo vilivyolazwa kwa mteremko. Iliyo mviringo kamili ilibingirika kwa kasi na kuruka pengo lililokuwa mwishoni mwa kioo. Yenye kilema ilijikokota, ikatumbukia pengoni na kurudishwa chunguni kuyeyushwa upya.

Watts mwenyewe hakuufaidi utajiri huo kwa muda mrefu. Fedha alizopata aliziingiza kwenye ujenzi wa nyumba za kifahari juu ya jabali la Clifton. Ukuta wa kuzuia mmomonyoko ukameza kila alichokuwa nacho, na mwaka 1794 akafilisika. Mnara wake ulidumu hadi 1968 ulipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Lakini wazo lilikuwa limekwisha kusambaa. Chester walijenga mnara wao mwaka 1799, nao umesimama mpaka leo. Baltimore, Marekani, walijenga wa matofali mwaka 1828 wenye urefu wa mita 71. Huko Melbourne, Australia, mnara wa namna hiyo wenye mita 50 umebaki ndani ya jengo la maduka, umefunikwa kwa koni kubwa ya kioo.

Umbo la mviringo halikutafutwa kwa ajili ya uzuri. Gololi yenye kilema hushikwa na hewa upande mmoja, ikapinda njia na kupoteza kasi. Gololi za mviringo husafiri pamoja zikiwa wingu moja, na mwindaji hutegemea wingu hilo. Kwa bei nafuu iliyoletwa na minara, mtu wa kawaida aliweza sasa kununua mfuko wa marisawa yaliyo sawa na kupiga kwa wingi kadiri alivyotaka.

Mwako uliowatorosha bata

Bunduki yenyewe ilichelewa kidogo nyuma ya marisawa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza waliwinda kwa gumegume. Mtu alimimina baruti kwenye mtutu, akaweka kizibo, akashindilia kwa mdeki, akamimina marisawa, akashindilia tena. Kisha akatia baruti kidogo nje, kwenye kifa. Alipofyatua, jiwe lilipiga chuma, cheche ikawasha baruti ya kifani, moto ukapenya tundu na kuifikia baruti ya ndani. Kati ya mwako wa nje na mlio wa ndani palikuwa na kitambo, na bata hakuhitaji zaidi ya kitambo hicho. Aliuona mwako, akazama au akageuka, na marisawa yakafika mahali alipokuwa amekwisha ondoka.

Jambo hilo lilimkera sana Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa la Belhelvie karibu na Aberdeen, Uskoti, ambaye alipenda bunduki na kemia kwa pamoja. Alibuni mtambo uliotumia chumvi za kemikali zinazolipuka kwa kugongwa, bila jiwe wala cheche, akapata hataza mwaka 1807. Kutokana na wazo lake, katika miaka ya 1820 ilienea fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachovishwa mahali pa kugongwa. Fataki hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuyalipua magobori ya bara na pwani ya Afrika Mashariki. Vita vingi vya karne ya 19 vilipiganwa kwa fataki, na mzizi wake ni mchungaji aliyechoka kukosa bata.

Katika zama hizo alikuwapo pia Kanali Peter Hawker, aliyejeruhiwa katika mapigano ya Talavera mwaka 1809 na kurudi nyumbani kuwinda. Kitabu chake cha kuwafunza vijana uwindaji kilitoka 1814. Hawker alikuwa bingwa wa bunduki za mtumbwini: mtutu mrefu kupita kimo cha mtu, uliofungwa kwenye mtumbwi bapa, ukinyemelezwa alfajiri kuelekea kundi la bata lililotua majini. Bunduki moja ya namna hiyo ilirusha nusu kilo ya marisawa au hata zaidi kwa mlio mmoja. Kanali aliandika shajara kwa miaka mingi, na ndani yake alihesabu kwa uangalifu ndege aliowapata. Hesabu ya marisawa yaliyobaki ndani ya maji ya pwani ya kusini ya Uingereza haimo, kwa kuwa wakati ule hakuna aliyeiona kuwa hesabu.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuja haraka. Casimir Lefaucheux wa Paris alitengeneza katika miaka ya 1830 bunduki inayovunjika katikati na kupakiwa kwa nyuma, ikitumia ganda lililobeba baruti, fataki na marisawa kwa pamoja. Mwindaji aliyekuwa akihitaji karibu dakika nzima kushindilia sasa alipakia kwa sekunde chache. Kisha ikaja kazi ya kulibana wingu. W. W. Greener, mhunzi wa bunduki wa Birmingham, alitangaza mwaka 1874 mitutu iliyobanwa kidogo mdomoni, ingawa Wamarekani nao wanadai walitangulia, na mwaka uliofuata mitutu hiyo ilishinda majaribio ya hadhara jijini London. Kipimo kilichozoeleka kikawa duara lenye kipenyo cha sentimita 76 lililochorwa umbali wa mita 36 hivi. Mtutu usiobanwa huingiza ndani ya duara hilo karibu asilimia 40 ya marisawa yake. Uliobanwa kamili huingiza asilimia 70. Tofauti hiyo ilisogeza mbele umbali ambao ndege hawezi kuponyoka.

Kinachomwangusha ndege

Mwaka 1976 Bob Brister, mwandishi wa uwindaji wa Houston, alitoa kitabu kuhusu sanaa na sayansi ya bunduki ya marisawa. Wengi walikuwa wakipima wingu kwa kupiga karatasi iliyosimama. Brister alisema ndege hasimami. Akatengeneza trela refu lenye ubao wa karibu mita tano uliobandikwa karatasi, akalifunga nyuma ya gari la familia, akamwomba mkewe aendeshe kwa kasi ya bata anayeruka. Mke akapita mbele ya bunduki mara kwa mara, mume akafyatua, na baadaye wakakaa kuhesabu matundu. Karatasi ilionyesha alichokishuku. Marisawa hayafiki kwa pamoja. Wingu lina urefu pia: gololi za mviringo hutangulia, zilizopondeka ndani ya mtutu hubaki nyuma, na mkia wa wingu hufika mita kadhaa baada ya kichwa. Ndege anayekatiza huipata sehemu tu ya wingu hilo.

Hesabu ya safari yenyewe ni hii. Marisawa hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 400 kwa sekunde. Gololi ni nyepesi, hewa huizuia sana, na ikifika mita 36 imebakiwa na zaidi kidogo ya nusu ya kasi yake. Safari hiyo huchukua karibu sehemu ya nane ya sekunde. Bata anayekwenda kilomita 64 kwa saa husogea kwa muda huohuo zaidi ya mita mbili. Anayemlenga bata mwenyewe humkosa kwa mita mbili. Lazima apige mbele yake, mahali patupu, na aendelee kuuzungusha mtutu wakati anafyatua.

Wingu likimkuta, nini humwangusha? Kwa muda mrefu wawindaji waliamini mshtuko: kwamba gololi nyingi zikigonga mwili kwa mpigo mmoja humwua ndege kama rungu. Waliopasua ndege mezani walipata jibu lingine. Gololi moja ina nguvu ndogo, na zikiishia kwenye ngozi hazina maana hata ziwe kumi. Ndege hufa papo hapo pale gololi inapofika kwenye ubongo, uti wa mgongo, moyo au mishipa mikubwa ya damu. Huanguka, ingawa bado yu hai, mfupa wa bawa unapovunjika. Gololi iliyoingia utumboni au kwenye paja humwacha aruke, na pengine afe siku tatu baadaye ndani ya matete. Wazee wa Uingereza walimjua pia kwale wa mapafu: akipigwa huendelea kuruka kana kwamba hakuguswa, halafu hupaa wima angani, juu, juu zaidi, kisha hudondoka mfu. Damu ilikuwa imejaa mapafuni na kumziba pumzi.

Kwa hiyo mambo mawili yanahitajika kwa pamoja. Gololi ziwe nyingi kiasi cha kutosha ili walau moja au mbili zikutane na kiungo chenye uhai, na kila moja iwe na nguvu ya kupenya manyoya, ngozi, msuli na mfupa hadi kwenye kiungo hicho. Ukichagua gololi ndogo unapata wingi lakini unapoteza nguvu; ukichagua kubwa, nguvu ipo lakini wingu lina mapengo ambayo ndege hupita. Mijadala yote ya wawindaji kuhusu namba ya marisawa, tangu siku za Hawker, imezunguka kwenye mizani hiyo.

Mizani hiyo ikikosewa, ndege huruka na matokeo yake angani. Huko Slimbridge, Uingereza, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1946 na Peter Scott, ambaye ujanani alikuwa mwindaji hodari wa bata, watafiti waliwapiga picha za eksirei batamaji wa Bewick wanaokuja kila kipupwe kutoka kaskazini ya Urusi. Ndege hao wanalindwa kisheria katika nchi zote wanazopitia. Hakuna mwenye ruhusa ya kuwapiga. Hata hivyo karibu theluthi moja ya waliopigwa picha walikuwa na marisawa mwilini, madoa meupe yaliyotawanyika kwenye msuli na mifupa. Walikuwa wamepigwa, hawakuanguka, na waliendelea kusafiri maelfu ya kilomita na mzigo huo.

Firigisi

Sasa turudi kwa yale yaliyokosa kabisa.

Bata hana meno. Chakula chake husagwa ndani ya firigisi, ambayo ni msuli mnene wenye changarawe alizozimeza mwenyewe kwa kusudi hilo. Akichokora tope kutafuta mbegu na changarawe, gololi ya milimita 3 haina tofauti na changarawe. Huimeza. Firigisi huisaga usiku na mchana, tindikali ya tumbo huiyeyusha, na madini ya risasi huingia kwenye damu. Bata hukonda mpaka mfupa wa kifua hutokeza kama kisu. Mabawa hulegea, kinyesi huwa cha kijani, kisha hushindwa kuruka. Hujificha kwenye majani na kufa baada ya wiki mbili au tatu. Mbweha au tai humkuta kabla ya binadamu, na ndiyo maana mizoga haikuonekana kwa wingi.

George Bird Grinnell, mhariri wa gazeti la Forest and Stream na mmoja wa waasisi wa harakati za kuhifadhi ndege Marekani, aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1894, akitaja bata waliokufa Texas na North Carolina wakiwa na marisawa kwenye firigisi. Wasomaji wake walikuwa wawindaji. Habari ikapita.

Miaka 20 baadaye serikali ya Marekani ilimtuma kijana Alexander Wetmore kwenye vinamasi vya mto Bear, Utah, kuchunguza vifo vya bata. Wetmore, ambaye baadaye alikuja kuiongoza taasisi ya Smithsonian, alichekecha tope karibu na maficho ya wawindaji na kuokota marisawa ya misimu iliyopita. Kisha akawalisha bata wa kwenye vizimba gololi za namba sita, kwa idadi aliyoipima. Gololi sita ziliua kila mara. Wakati mwingine moja tu ilitosha. Ripoti yake ilichapishwa 1919, na biashara ya marisawa ikaendelea kama kawaida.

Aliyeufanya mjadala uwe wa hesabu ni Frank Bellrose wa Illinois. Yeye na wenzake walikusanya maelfu kwa maelfu ya firigisi za bata kutoka kwa wawindaji wa majimbo mengi, wakazipasua na kuhesabu. Mwaka 1959 alitoa matokeo: bata mmoja kati ya kila 15 hivi alikuwa na gololi moja au zaidi. Kwa kulinganisha na bata aliowalisha marisawa na kuwaachia huru wakiwa na pete miguuni, alikadiria kwamba asilimia 2 hadi 3 ya bata na mabata bukini wa Amerika Kaskazini walikuwa wakifa kila mwaka kwa sumu hiyo. Kwa mara ya kwanza yale yaliyokosa yalipata daftari lao.

Vita vya chuma

Mbadala uliokuwa karibu ulikuwa chuma laini. Hakina sumu, ni rahisi kupatikana, lakini kina kasoro moja isiyofichika: ni chepesi. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, ya chuma haifiki 8. Gololi ya chuma yenye ukubwa uleule huanza safari ikiwa na nguvu pungufu na hupunguzwa kasi na hewa haraka zaidi. Tena ni ngumu, na wenye bunduki za kale za Kiingereza, zenye mitutu myembamba iliyofuliwa kwa ajili ya madini laini, waliogopa zingekwaruzwa au kuvimba mdomoni. Hoja yao kubwa ilikuwa nzito kuliko zote: chuma kitajeruhi ndege wengi bila kuwaangusha, na majeruhi watazidi wale wanaookolewa na sumu.

Hoja ya aina hiyo haijibiwi kwa maneno. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, watafiti wa Patuxent, Maryland, na wa shamba la Nilo, Illinois, waliwapitisha bata wa kufugwa kwenye kigari mbele ya bunduki iliyokazwa mahali, umbali ukipimwa kwa futi. Walioanguka walihesabiwa, walioponea waliwekwa chini ya uangalizi, na wote mwishowe wakachunguzwa ndani. Ni kazi ya kikatili kuisoma hata leo, lakini ilitoa picha ambayo hakuna mwindaji angeweza kuipata matetini. Chuma kiliua vizuri katika umbali ambao watu wengi hupiga bata, na kilidhoofika mapema zaidi kadiri umbali ulivyoongezeka. Dawa yake ilikuwa kuchukua gololi kubwa kwa namba mbili, namba nne badala ya sita. Kwa kuwa chuma ni chepesi, wingi haupotei sana: gramu 28 za chuma cha namba nne zina gololi 192 hivi, wakati risasi ya namba hiyo ina 135. Kikombe kinene cha plastiki ndani ya ganda kiliikinga mitutu. Kilichobaki ni mwindaji kukubali kusubiri bata asogee.

Kukubali huko kulikuwa kugumu. Serikali ya Marekani ilipoanza kuweka maeneo ya chuma katikati ya miaka ya 1970, ilishitakiwa. Mwaka 1978 Seneta Ted Stevens wa Alaska alipitisha kifungu kilichoizuia serikali kuu kutekeleza masharti hayo katika jimbo lolote bila ridhaa ya jimbo lenyewe. Kilichobadilisha upepo ni tai mwenye kichwa cheupe, nembo ya taifa. Tai huyo hula bata majeruhi na bata wagonjwa, na hula pamoja na marisawa yaliyomo. Mwaka 1985 shirika la National Wildlife Federation lilikwenda mahakamani kuitetea nembo hiyo na likashinda. Kuanzia 1987 chuma kilienezwa hatua kwa hatua, na kufikia msimu wa 1991 marisawa ya risasi yalikuwa yamepigwa marufuku nchi nzima kwa uwindaji wa bata na mabata bukini.

Je, ilisaidia? William Anderson na wenzake walirudia kazi ya Bellrose katika bonde la Mississippi msimu wa 1996 na 1997, wakapasua firigisi zaidi ya 16,000. Bata bado walikuwa wakimeza gololi, kwa kuwa bado walitafuta changarawe, ila nyingi sasa zilikuwa za chuma. Katika ripoti yao ya mwaka 2000 walikadiria kwamba vifo vya bata wa aina ya mallard kwa sumu ya risasi katika bonde hilo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 64, na kwamba katika mwaka mmoja tu, 1997, bata milioni 1.4 wa Amerika Kaskazini walikuwa wameokolewa.

Sheria na mazoea

Denmark ilikwenda mbali kuliko Marekani. Ilianza na ardhi oevu mwaka 1985, na mwaka 1996 ikapiga marufuku marisawa ya risasi kila mahali, msituni, shambani na majini. Wenye misitu walilalamika kwamba gololi za chuma zikiingia kwenye miti huvunja misumeno viwandani, na malalamiko hayo yakafungua soko la bismuti na tangisteni, madini mazito yasiyo na sumu ya risasi, ingawa bei yake huuma. Uwindaji wa Denmark haukufa. Unaendelea kwa wingi uleule, kwa marisawa mengine.

Uingereza iliandika sheria nzuri na kuiacha karatasini. Tangu 1999 ni kosa nchini England kumpiga bata kwa risasi. Watafiti walionunua bata madukani miaka kumi baadaye wakawachunguza, walikuta karibu saba kati ya kumi wamepigwa kwa risasi hiyohiyo. Mwaka 2020 vyama tisa vya wawindaji viliahidi kwamba wanachama wao wangeiacha kwa hiari ndani ya miaka mitano. Msimu uliofuata watafiti walikusanya fesanti 180 waliopigwa na kutoa marisawa yao: 179 walikuwa na risasi, mmoja chuma. Ahadi ya hiari ilipokaribia kumaliza muda wake bila kutimia, mwezi Julai 2025 serikali ilitangaza kwamba ingeyapiga marufuku marisawa ya risasi.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, uliokubaliwa The Hague mwaka 1995 na kuanza kufanya kazi 1999, unazitaka nchi wanachama zijitahidi kuondoa marisawa ya risasi katika uwindaji wa ardhi oevu. Tanzania, Kenya na Uganda zimo. Bata wanaozaliana Urusi na Ulaya huja kupitisha kipupwe kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, na bata huyo amekwisha kunywa na kula kwenye vinamasi vya nchi nyingi kabla hajafika Naivasha. Nchi iliyoacha risasi humlinda kwa wiki chache anazopumzika kwake. Ile ambayo haijaacha humpa gololi ya miaka 50 iliyopita pamoja na changarawe. Ndiyo sababu sheria ya nchi moja haitoshi, na ndiyo sababu mkataba ulihitajika.

Watts, Forsyth, Greener na Brister walijibu swali la mwindaji: nifanye nini ndege huyu aanguke? Kila mmoja alilijibu vema, na kwa majibu yao ndege mwenye bahati mbaya hufa haraka kuliko zamani. Grinnell, Wetmore na Bellrose waliuliza swali la pili: gololi zilizomkosa hufanya nini? Nalo lilichukua karibu miaka mia moja tangu lilipoulizwa mpaka sheria ilipolijibu, ingawa majibu ya kimaabara yalikuwepo tangu 1919. Kilichokosekana muda wote huo hakikuwa ujuzi wala chuma. Alikosekana mwindaji wa kuhesabu lile fungu kubwa la ganda lake, lile la gololi mia mbili na ushee, kuwa ni lake pia.